Taa za Nyumba Namba 38

Namba 38,
Handsworth, Birmingham.
27 Novemba 2024

Kwa Mama wa namba 41,

Salamu nyingi. Jina langu Vinubhai Pabari. Mimi ndiye mzee wa nyumba inayotazamana na yako, ile yenye taa. Huwezi kukosea, Handsworth nzima inaijua.

Usishangae kuona Kiswahili. Wiki iliyopita ulikuwa kituo cha basi, Soho Road, unaongea na simu. Uliongea kwa nguvu, mama, la sivyo nisingesikia. Ukasema, "Haki ya Mungu, nitakupigia nikifika nyumbani." Nikasimama pale pale na mfuko wangu wa vitunguu. Miaka hamsini na sita nimekaa nchi hii, na mtaani kwetu sikujua kuna mtu wa kusema hivyo.

Nilizaliwa Kisumu. Baba alikuwa na karakana ya redio nyuma ya soko. Nilikuja huku kijana wa miaka ishirini, nikaingia kiwanda kimoja Saltley, mashine za kukata bati, miaka thelathini na moja. Zile mashine zilikula masikio yangu yote mawili. Ndiyo sababu naandika. Ukija kugonga sitasikia, na mimi nikija kugonga sitajua kama umeitika. Kiswahili changu ni cha dukani na jikoni, cha kuamuru watu. Ukiona nakuamuru, nisamehe, sikufundishwa kingine.

Sasa shida yangu. Taa nafunga ukutani tangu Diwali mpaka Krismasi iishe, miaka kumi na tisa sasa, isipokuwa mwaka jana peke yake. Ni taa elfu sita na nyimbo kumi, na kompyuta inaziambia taa lini ziwake, lini zikimbie, lini zizime, kufuata ngoma. Saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu. Watu wanaleta watoto kwa magari kuja kutazama. Juzi nimepata barua ya manispaa. Kuna mtu amelalamika makelele na mwanga. Hawasemi ni nani. Wakithibitisha, watanizimia.

Nakusanya sahihi za majirani. Karatasi iko ndani ya bahasha. Tia sahihi, rudisha. Tafadhali. (Umeona, nimekumbuka tafadhali.)

Jirani yako,
Vinubhai


Namba 41
30 Novemba 2024

Mzee Vinubhai,

Salamu kwako pia. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni, jambo ambalo sijalifanya tangu Septemba. Kumbe naongea na simu hivyo! Nitajichunga. Naitwa Milka Mugo, kwetu ni Molo, na hapa nimemaliza miaka miwili na miezi mitatu. Na Kiswahili chako hakina kasoro, mzee, kinaonyesha tu kwamba umekula chumvi nyingi.

Karatasi nakurudishia bila sahihi. Usinielewe vibaya. Mimi niko hapa kwa kibali cha kazi, na mtu wa kibali hapendi jina lake lionekane kwenye makaratasi ya serikali, hata yakiwa ya heri.

Lakini kwa kuwa umeniandikia kwa uwazi, acha na mimi nikwambie jambo. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, Harborne. Naamka saa kumi alfajiri, na saa kumi na moja niko kituoni nangoja lile basi namba kumi na moja, ambalo lazima lizunguke ulimwengu mzima kabla halijakufikisha. Siku sita kwa wiki. Nalisha, naogesha, nageuza, nabadilisha mashuka. Nikirudi ni saa kumi na nusu jioni, na nikishatia kitu tumboni sina haja nyingine duniani ila kitanda. Hapo ndipo wewe unawasha.

Chumba changu ni cha juu, mbele. Mwanga nimeuzuia mwenyewe kwa pazia jeusi zito. Lakini muziki, mzee! Vioo vya dirisha vinatetemeka. Kuna wimbo mmoja wa watoto, huo ukianza unaweza kuurudia mara sita, mara saba, hadi nimeshajua pale mtoto mmoja anapokohoa katikati. Nalala ukiimba, naamka bado unaimba kichwani, naenda nao kazini.

Sitaki ugomvi. Naomba tu upunguze sauti, kama inawezekana. Nimechoka, mzee, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Wako,
Milka


Namba 38
1 Desemba 2024, Jumapili

Mama Milka,

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaona haya. Nikatoka nje muziki ukiwa unapiga, nikaweka kiganja kwenye dirisha la gari langu. Linatetemeka, kama ulivyosema. Mimi sijui ukubwa wa sauti ya kitu chochote siku hizi. Wimbo nausikia kwa macho: nikiona taa zinapanda ukutani najua ngoma imeingia. Kumbe muda wote huu nakulipulia masikio, na wewe umenyamaza! Kwa nini hukuniambia mapema? Barua moja ingetosha.

Basi nimeingiza spika ndani, chumbani kwa Raksha. Leo usiku utalala. Kama hukulala, si kosa langu tena, tafuta daktari.

Raksha ni mke wangu. Hujamwona kwa sababu hatoki. Mwaka jana mwezi wa kumi alipata kiharusi. Haongei, na mkono na mguu wa kulia havina kazi. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa hapa Handsworth, na nyimbo zote kumi alichagua yeye. Huo wa watoto ni darasa lake la mwaka 1994, aliwarekodi mwenyewe kwa kanda. Anayekohoa anaitwa Jasvir. Siku hizi ni daktari wa meno.

Sasa nikupe habari ambayo hata daktari wake hajui. Tangu augue, Raksha hataki kula. Anafunga mdomo tu. Alifika kilo thelathini na tisa, wakaanza kuniambia habari za kumtoboa tumbo wapitishe chakula kwa mpira. Nilifunga taa mwaka huu kwa ajili yake, halafu nikajiona mjinga, maana mtu aliye ndani hawezi kuona taa zilizo ukutani kwake mwenyewe. Nikazipiga picha kwa simu nikamwonyesha, akageuza uso.

Halafu tarehe nane Novemba ukatundika pazia lako jeusi. Dirisha lako likageuka kioo cha kujitazamia! Taa zangu zote ziko humo ndani, na kitanda chake kinatazama hapo hapo. Nilikuwa nimekaa na kijiko mkononi. Akatazama dirisha lako, akafungua mdomo.

Wimbo wa nne, huo wa watoto, ndio anaokula vizuri. Kwa hiyo naurudisha mpaka sahani iishe. Kutafuna kwake polepole, kumeza polepole zaidi. Ndiyo hizo mara saba zako. Kwa hiyo nakuomba, pazia lisitoke.

Kuhusu aliyenichongea, nadhani ni Inderpal wa namba 36. Magari ya watazamaji yanaziba geti lake, tumeshagombana. Na ni yeye aliyepanda ngazi kunifungia taa, magoti yangu hayapandi tena! Tangu Jumatatu simsalimii. Ameleta sahani ya mboga, nimeirudisha na mfuniko wake.

Vinubhai


Namba 41
4 Desemba 2024

Mzee Vinubhai,

Barua yako iliangukia chini ya matangazo ya pizza, nimeiona jana jioni. Nisamehe.

Ahsante kwa spika. Nimelala siku tatu mfululizo, hadi kazini wameniuliza kama nimechumbiwa. Pazia halitatoka, usiwe na wasiwasi.

Sikujua habari za Mama Raksha. Sikujua hata kidogo. Nalisha wazee wanne kila siku, kwa hiyo najua kijiko kimoja kinavyoweza kuchukua muda. Akae wima, kidevu kishuke kidogo, na usimpe kingine kabla hujaona shingo imepanda na kushuka. Ukiwa na haraka, subiri tena.

Na tafadhali mrudie Inderpal. Sidhani ni yeye. Aliwahi kunibebea mifuko kutoka Soho Road wakati wa mvua, bila kunijua.

Haya ya manispaa naona yatapoa yenyewe. Watu wa ofisi wana mafaili mengi.

Milka


Namba 38
12 Desemba 2024

Mama Milka,

Hayakupoa. Jana alikuja bwana wa manispaa, kijana mpole, akakubali chai. Kuna karatasi, mlalamikaji amepewa ajaze siku kumi na nne, na amejaza. Jina wamelificha, lakini maneno alinisomea. Ilibidi ayasome karibu na sikio langu.

Mama, huyo mtu ameandika kila dakika! "Saa kumi na moja na dakika mbili, taa zimewashwa. Saa kumi na moja na ishirini na sita, wimbo wa nne umeanza. Umerudiwa. Umerudiwa tena. Jumla mara saba. Ni wazi anafanya makusudi kutukomoa." Hiyo ilikuwa tarehe 22 Novemba. Naikumbuka, maana siku hiyo Raksha alimaliza sahani yote kwa mara ya kwanza, na nilimpigia simu daktari kumwambia, nikiwa hata simsikii anavyonijibu.

Nikamwambia yule kijana muziki nimeshauingiza ndani. Akasema ameona, na ni vizuri, lakini malalamiko ni ya mwanga pia na magari pia, na karatasi imejazwa vizuri kuliko zote alizowahi kupokea. Amri imetoka. Nyumba namba 38 isiwashe taa mpaka kesi itazamwe tena Januari. Nikiwasha, mahakama. Nilimweleza habari za kijiko. Alisikitika kweli, akaandika, akasema na hilo litatazamwa Januari.

Nimezima. Jana Raksha alitazama dirisha lako mpaka saa mbili, dirisha jeusi tupu. Mdomo haukufunguka. Leo vile vile. Spika inaimba, watoto wanaimba, Jasvir anakohoa, na yeye anatazama dirisha.

Nimemtukana Inderpal barabarani, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kusali gurdwara. Nimemwita nyoka. Amechukua ngazi yake akaingia ndani.

Nimechoka, mama. Nina miaka sabini na sita na sina nguvu ya kugombana na mtu anayejua kuhesabu hivyo.

Vinubhai


Namba 41
14 Desemba 2024

Mzee Vinubhai,

Si Inderpal. Ni mimi.

Nimeandika mstari huo mara nne kwenye karatasi nyingine nikazichana, kwa hiyo nauacha ulivyo.

Tarehe kumi na nne Novemba, kazini, nilimpa mzee anayeitwa Walter chai nyepesi. Walter hapewi kitu chepesi, vinywaji vyake lazima vitiwe unga viwe vizito kama uji, la sivyo vinakwenda kwenye mapafu. Nalijua hilo kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu, maana wimbo wako uliendelea kuzunguka kichwani hata baada ya kuuzima. Nilimimina, nikampa, nikageuka kuchukua kitambaa, na nyuma yangu nikasikia anapaliwa. Akageuka rangi ya bluu. Tulimpigapiga mgongo, ikatoka, akapona, na siku ya pili akaniuliza mbona nalia. Lakini nimepewa onyo la maandishi, na onyo la pili ni kufukuzwa, na nikifukuzwa kibali changu kinakwenda na kazi.

Mwenzangu Audrey, wa Nyeri, akaniambia, "Milka, si u-report tu kwa council? Ni anonymous, hakuna mtu atajua ni wewe. Hawa watu bila karatasi hawa-move." Nikalalamika siku hiyo hiyo. Sikufikiria kuvuka barabara. Niliona nyumba yenye taa elfu sita nikasema mwenye nyumba hiyo hana shida yoyote duniani, ni mtu wa raha tu.

Wakanipa ile karatasi ya kujaza. Mzee, kazini kwetu kila kitu kinaandikwa: saa ngapi amekunywa, mililita ngapi, amegeuzwa upande gani. Mkono wangu umeshazoea. Niliijaza jinsi ninavyojaza za wazee wangu, nikiwa kitandani, taa ya simu mdomoni. Hata barua yako ya kwanza ilipofika niliendelea kujaza. Karatasi niliiposta Jumatatu ya tarehe mbili asubuhi. Barua yako ya spika ilikuwa imeshalala chini ya matangazo tangu Jumapili.

Ningeweza kusimamisha mapema. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipojua habari za Mama Raksha nilisema nitapiga simu manispaa kesho. Kesho yake shifti ilinimaliza, nikajiambia yatapoa, nikakuandikia hivyo. Siku iliyofuata simu iliniweka kwenye foleni hadi mapumziko yakaisha. Halafu nikaliacha, nikalala. Jana nimewapata. Nimewaambia nafuta malalamiko yangu yote. Wamesema wameandika, lakini amri imeshatoka na haiwezi kuondolewa kabla ya Januari.

Mama Raksha hawezi kungoja Januari. Najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua.

Sina cha kusema zaidi ya kwamba naomba radhi, kwako na kwake.

Milka


Namba 38
16 Desemba 2024

Milka,

Nilijua.

Yule kijana aliposoma "mara saba", nilijua. Nani mwingine amehesabu? Lakini nilitoka nikamtukana Inderpal, kwa sababu Inderpal ninaye miaka thelathini na nitaendelea kuwa naye, na wewe ni mtu mmoja tu niliyempata wa kuandikiana naye lugha hii. Kwa hiyo na mimi si mtu mwema. Leo nimekwenda kwake nikamwomba msamaha. Amenifungulia mlango, hakunikaribisha ndani.

Raksha siku ya sita. Anakubali maji, na jana vijiko viwili vya mtindi. Daktari amekuja. Amesema tukifika Mwaka Mpya hivi, watampeleka hospitali wakaweke mpira.

Nilikuambia mambo ya mke wangu ambayo sijamwambia mtu, na wewe ukanijibu yatapoa. Usiniandikie tena.

V. Pabari


Namba 41
19 Desemba 2024

Mzee Vinubhai,

Umenikataza kuandika. Hii siyo barua, ni maelekezo tu, ukimaliza kuyasoma yatupe.

Nimeisoma amri yako, ile iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa ya barabarani. Inasema namba 38. Haisemi namba 41. Nimewapigia manispaa kuwauliza kama naruhusiwa kufunga taa za Krismasi nyumbani kwangu, bila muziki nje, mpaka saa moja usiku. Wamesema mtu yeyote anaruhusiwa, na kama jirani wa mbele hatalalamika, hawana neno. Jirani wa mbele ni wewe.

Mwenye nyumba yangu amekubali, mradi ukuta usitobolewe. Nimekwenda kwa Inderpal. Nimemwambia ukweli wote, mlangoni, nikiwa bado na sare za kazi. Akasema, "Saturday. I bring ladder. You hold it, properly." Jumamosi sina shifti. Atazitoa kwako azifunge kwangu kama alivyozifunga kwako. Waya wa kompyuta atauvusha juu, kutoka dirisha hadi dirisha. Spika ibaki pale pale kitandani.

Mama Raksha hatahitaji kuziona kwenye kioo. Ataziona zenyewe.

Mimi nimehamishia godoro chumba cha nyuma, kwa hiyo usinifikirie.

Kama hutaki, weka karatasi tupu mlangoni kwangu, nitaelewa.

Milka


Namba 38
26 Desemba 2024

Mama Milka,

Hukupata karatasi tupu, na kuandika nako sikuweza. Sasa nakaa nikuambie ilivyokuwa, maana wewe unalala chumba cha nyuma na Inderpal hawezi kueleza kitu zaidi ya ngazi.

Jumamosi nilikuwa dirishani nawatazama. Ulishika ngazi kwa mikono miwili saa nne nzima na mvua yote ikakunyeshea. Nilimwona Inderpal anakuelekeza kwa mguu. Saa kumi na moja niliwasha. Elfu sita, mbele ya macho yake, karibu kuliko zilivyowahi kuwa. Nikaweka wimbo wa nne. Nikainua kijiko.

Hakufungua.

Jumapili, hakufungua. Alizitazama, lakini alikunja uso, kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani akaambiwa ni wake. Nilikasirika sana. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Inderpal, na yeye pia nikamkasirikia, Mungu anisamehe. Nikasema basi, tumechelewa, tumuache apelekwe.

Jumatatu nilikaa kitandani kando yake, kichwa changu kwenye mto wake, nitazame anachokitazama. Hapo nikaona. Mama, zinakimbia kinyume! Inderpal alizifunga kwenye ukuta wako kuanzia kushoto kwenda kulia, vile vile alivyozifunga kwangu. Lakini ukuta wako unatazama upande huu. Kwenye kioo cha dirisha lako, Raksha alizoea taa zinatoka upande wa Soho Road kwenda upande wa gurdwara. Sasa zilitoka gurdwara kwenda Soho Road. Mwezi mzima amezijua namna moja, halafu tukamletea nyingine. Mimi mtu wa redio, na sikuona. Mke wangu hawezi kutamka jina langu, lakini hilo aliliona siku ya kwanza.

Kuzigeuza siyo kubonyeza kitufe kimoja. Ni nyimbo kumi, na kila wimbo una mistari yake, taa kwa taa. Nilikaa kwenye kompyuta Jumatatu usiku kucha na Jumanne kutwa. Wimbo wa nne nikauanza kwanza, nyingine ziliweza kungoja. Jumanne saa kumi na mbili jioni nikawasha. Zikatoka Soho Road, zikaenda gurdwara.

Alikula vijiko sita. Jana, Krismasi, vijiko tisa. Leo saba, na katikati alimsikia Jasvir akikohoa, upande wa mdomo wake ulio hai ukapanda. Daktari amesema wataangalia uzito wiki ijayo kabla ya kuamua. Hajaahidi kitu. Mimi pia siahidi kitu.

Jana Inderpal alikuja na sahani ya mboga. Sikuirudisha. Alikaa nusu saa, alizitazama taa alizofunga kwako kutoka huku akaniambia waya mmoja umelegea kwenye dirisha lako la chini. Utaurekebisha.

Sasa habari yako. Nimekaa nikitaka kuandika kwamba nimekusamehe. Kila nikianza, nakumbuka zile siku kumi za dirisha jeusi, kalamu inasimama. Nimechoka mno kudanganya, kwa hiyo nakwambia: bado. Labda baadaye. Na wewe ukiwa bado unanikasirikia kwa usingizi wako na kwa mzee Walter, una haki, sikukuuliza hata mara moja unalalaje.

Lakini mikono yangu inatetemeka. Nusu ya chakula chake inaishia shingoni, na nikitazama kijiko siwezi kutazama kompyuta, wimbo unaisha kabla hajameza. Wasaidizi wanaokuja asubuhi ni watu wa mbio, wana nyumba nyingine kumi. Wananiambia, "Vinu, she's not hungry," ati hana njaa, wanaandika kwenye faili, wanaondoka. Nimefikiria ni nani mwingine. Nimefikiria habari ya Walter usiku mzima, nikajiuliza kama mtu aliyefanya hivyo nimpe shingo ya mke wangu. Nimeona kwamba hao wa asubuhi hawajawahi kuogopa hata siku moja. Wewe utaogopa kila kijiko. Hivyo ndivyo nataka.

Jumamosi hii huna shifti, umesema mwenyewe. Njoo saa kumi na moja. Mimi nitashika kompyuta, wewe utashika kijiko.

Vinubhai